Hamira Juu ya Moshi

Kina mama wenzangu, poleni na mvua. Mwenyekiti kaniomba niseme neno kabla hatujatawanyika, kwa sababu wengi wenu mmeanza biashara zinazokula vitu kila siku: uzi, sabuni, mafuta, hamira. Basi niwaambie jinsi hamira ilivyotaka kunimaliza.

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, akili yangu ilikuwa bado kwenye foleni ya miaka ya uhaba. Tulioiona tunajua: ukikiona kitu nunua, ukishanunua ficha. Nilikuwa naoka mikate hapahapa Bulyaga na kupeleka kwenye shule moja ya bweni. Baba watoto alishafariki, na mikate ile ndiyo iliyokuwa inawasomesha wanangu. Siku hamira ilipoingia dukani nikabeba yote, katoni nzima. Mwenye duka akacheka, "Mama, siku hizi vitu vinakuja tu." Nikamjibu kwamba hata zamani walituambia hivyohivyo.

Sasa niiweke wapi? Unyevu wa kwetu mnaujua, hata chumvi inatoa machozi. Nikafanya kama mama yangu alivyofanya na mahindi, nikaipandisha darini, juu ya jiko, ikauke kwa moshi. Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona nina akili kuliko mji mzima.

Mikate ikaanza kuwa mizito. Nikalaumu unga, nikalaumu baridi, nikazidisha hamira. Mchana mmoja bwana stoo wa shule akanisimamisha getini. "Mama, wanafunzi wamerudisha mkate. Kesho ukileta wa namna hii, usije tena." Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Nikaenda nyumbani, nikakanda, nikafunika beseni, nikasubiri. Kufunua, donge limelala vilevile. Nikafungua pakiti nyingine nikaikoroga kwenye maji ya vuguvugu na sukari. Hakuna povu. Nyingine, hakuna. Nikakimbilia dukani mvua ikininyeshea, na mwenye duka akaniambia, "Hamira yote si uliichukua wewe? Gari la Mbeya limekwama, labda keshokutwa."

Nikarudi nikakaa chini kando ya tanuri nikalia. Nilishaanza kufikiri ni mtoto yupi nimwondoe shule kwanza, na mawazo hayo yaliniuma kuliko kitu chochote.

Jirani yangu, mama mmoja mpika kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, alisikia kilio akaingia bila hodi. Mimi mtu wa kanisani, kwake sikuwahi kukanyaga. Akaishika pakiti, akatazama dari lilivyo jeusi. "Mwanangu, hiki ni kitu hai. Wewe umekibanika." Akatoka, akarudi na kibuyu cha povu la pombe changa. "Mimi siweki cha mwaka mzima. Kila nikipika nabakiza cha kuamshia nyingine, basi."

Tukakanda upya kwa povu lile. Tukalifunga beseni kwa blanketi, mbali kidogo na moto, tukakaa tunalitazama. Nikinyoosha mkono kufunua, ananikemea. Nikawa nasali kimoyomoyo, namwomba Mungu aibariki pombe. Leo mnacheka, siku ile sikuona cha kuchekesha. Giza lilipoanza kuingia, blanketi likainuka.

Asubuhi bwana stoo akaumega mkate mmoja, akaunusa. Halafu akasema, "Ingiza ndani."

Tangu hapo nanunua ya kunitosha muda mfupi, naiweka pakavu pasipo joto, natumia ya zamani kwanza, na naenda dukani kabla haijaisha. Ninyi wa uzi na sabuni, fanyeni hivyohivyo. Chumba kilichojaa kinaweza kukudanganya kuliko kitupu.

Namshukuru mwenye duka, ambaye baadaye alikubali kuniwekea fungu langu kila gari likija. Nawashukuru ninyi kwa kunisikiliza. Na yule mama, nilimfuata na mikate miwili ya moto nikamwuliza nimlipe nini zaidi. Akasema, "Tukikutana njiani, unisalimie."

Ndugu zangu, ua wangu na wake ni mmoja, na miaka yote nilikuwa nampita bila salamu. Ndaga fijo, asanteni sana.