Bwana Alitupa Chumba cha Juu, Mimi na Taniboi

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, na yeye apokee sifa zote. Naitwa Selina, fundi wa nguo hapa Nakuru. Nimesimama kushuhudia juu ya nyumba ninayoishi.

Mume wangu Joel alikuwa dereva wa lori. Alisafiri na mbwa wake, na kwa sababu huyo mbwa alikalia kiti cha taniboi, yaani utingo wa lori, alimpa jina hilo, Taniboi. Lori lilipoanguka kwenye mteremko karibu na Salgaa, Joel alikufa. Mbwa alitoka na mguu uliovunjika. Madereva wenzake Joel waliniletea huyo mbwa nyumbani Rongai.

Nilimzika mume wangu bila kutoa chozi. Watu walisema nina imani kubwa. Haikuwa imani, ndugu zangu. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nikashona, nikajibu salamu. Nikisikia lori linapunguza gia, mikono yangu ilikuwa ikilegea. Jambo moja tu nililifanya kwa moyo: kumkanda yule mbwa mguu kwa maji moto.

Baadaye nikapata kazi mjini, nikafikia kwa dada yangu Eunice. Mwenye ploti aliyopanga Eunice akasema mbwa aondoke, la sivyo tuondoke sote. Nikaanza kutafuta nyumba. Kwa simu naambiwa nafasi iko. Nikifika na Taniboi, nafasi imekwisha. Keateka mmoja, mtunza nyumba, alinieleza wazi: "Mathe, wewe ingia hata leo. Lakini huyo, hapana."

Eunice naye akachoka. "Dada, Joel ameenda. Huyu ni mbwa tu. Mpe mtu, uanze maisha."

Nikampigia Mzee Karanja, anayelinda malori pale Salgaa. Alimjua Joel, akakubali kumchukua mbwa.

Tulipofika Salgaa, malori yalikuwa yamepanga foleni, injini zinanguruma. Taniboi akaanza kutetemeka. Akajikojolea, akatambaa akajificha nyuma ya sketi yangu. Nikamtazama, nikajiona mimi. Nikakaa chini hapo kando ya lami, na machozi niliyokosa kaburini yakatoka yote. Niliomba kwa maneno machache: "Bwana, sisi wawili tunaogopa kitu kimoja. Tupe mahali."

Mzee Karanja alingoja ninyamaze. "Mama, huyu hawezi kuishi hapa," akasema. "Nilikuwa bawabu wa sista mmoja, muuguzi mstaafu, pale Milimani. Ana chumba juu, chini ya paa. Wapangaji hukikataa kwa ajili ya ngazi. Wacha nimpigie."

Kesho yake nikaenda. Yule sista alisimama mlangoni na fimbo yake, akamwangalia mbwa mguuni. Nikangoja kuambiwa hapana.

"Huo mguu nani aliukanda?"

"Ni mimi."

"Mfupa umeungana vizuri. Ngazi ataziweza?"

"Nitambeba."

"Basi mbebe tuone."

Nikambeba hadi juu. Ni chumba kimoja kirefu, dari imeinama na paa, na dirisha kubwa linatazama barabara ya Eldoret kwa mbali. Sista akapaza sauti kutoka chini: "Mnakaa?" Nikasema tunakaa. Sikumbuki kama nilisema asante.

Ndugu zangu, wengine hungoja Mungu awafufulie wafu. Mimi hakunirudishia Joel. Bado namlilia, na ninashukuru kwamba naweza kumlilia. Cherehani yangu nimeiweka dirishani. Malori yanapita kule chini na mikono yangu inaendelea kushona. Jumapili Eunice huja na mifupa, ingawa anasema ameileta kwa ajili ya supu.

Kama uko hapa na umeambiwa uache kitu ambacho moyo wako hauwezi kuacha, usijifanye una nguvu. Mwambie Mungu vile ilivyo, hata kando ya barabara watu wakikuangalia. Mimi nilimwambia, akanisikia. Mtumaini. Jina lake libarikiwe.