Aitwe kwa Jina Lake Kamili

Wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni, mimi ni Selina, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi hii kwa sababu machozi yangu huchelewa, basi naomba mnisikilize hadi mwisho, maana mwishoni kuna jambo la kufanya kabla hatujaenda makaburini.

Mwalimu Yeremia Mazigo Lubala alizaliwa tarehe 9 Juni 1976 huko Nansio, Ukerewe, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mazigo na mama yetu Wilhelmina, akaanza darasa la kwanza mwaka 1984 akiwa na umbo dogo, wakubwa wakambandika jina la Furu, yule samaki mdogo mwenye miiba anayetupwa pembeni wavu ukivutwa, na siku moja wakamfungia kwenye stoo ya nyavu tangu mchana hadi jioni, akagonga mlango mpaka vidole vikavimba, na waliosikia wakapita zao. Baba alisema huo ni utoto tu, na hilo kaka hakulisahau.

Alihitimu ualimu mwaka 1999, akafundisha shule ya Mkuyuni, kisha ya Kirumba, huku Mwanza, tarehe 14 Agosti 2004 akafunga ndoa na wifi yangu Sabina, wakajaliwa Odeta na Jonathan, na mwaka 2011 akaanzisha lile igizo ambalo watoto wenu wengi wamelicheza, la mtoto anayenyang'anywa chakula na kufungiwa stoo na wenzake, ambapo igizo lilisimamishwa katikati, na mwanafunzi yeyote akaingia kuonyesha angefanya nini, akae naye, amwite mwalimu, au amwambie rafiki yake kwamba mchezo usiomfurahisha mwenzako si mchezo. Hakumruhusu mtoto yeyote kucheza nafasi ya anayeonewa, kwa kuwa jina la kejeli humganda mtu, hivyo aliicheza mwenyewe, mtu mzima na kipara chake, amepiga magoti, akiitwa Furu. Igizo likiisha, wanafunzi walimzunguka wakamwita kwa majina yake yote matatu, naye akaitika nipo, kama wanavyoitika wao asubuhi, ndipo akasimama. Alisema asipoitwa, mtu hubaki humo ndani ya igizo. Sisi tulimcheka, mwalimu gani huyu anaogopa mchezo wake mwenyewe.

Tarehe 11 Machi 2025, pale Kirumba, mvua kubwa ilitoka ziwani igizo likiwa ukingoni, watoto wakakimbilia madarasani, yeye akabaki uwanjani amepiga magoti, na hakuna aliyemwita. Alifika nyumbani amelowa, akavua viatu mlangoni, akampa binti yake Odeta shikamoo, Odeta akacheka, baba yake akarudia, shikamoo dada, kwa sauti ya mtoto, kisha akaenda kukaa chini nyuma ya mlango, magoti kifuani. Odeta hajacheka tena tangu siku hiyo.

Tulimpeleka hospitali, madaktari wakasema ni kiharusi, nasi hatubishani nao, lakini mimi nilikaa naye wodini, nikamwita Yeremia, Sabina akamwita, mama aliyemzaa akamwita, naye akatutazama kwa adabu, akasema mwalimu hayupo, akaomba afunguliwe. Tuliomba wanafunzi wake waingie, tukaambiwa watoto hawaruhusiwi wodini, ndiyo taratibu. Alifariki tarehe 2 Aprili, saa kumi jioni, mkono wake ukigonga ukuta polepole. Na tangu juzi stoo yetu, isiyo na mtu, inagongwa kwa ndani, anayetaka kusema Selina kachanganyikiwa na aseme, wifi amesikia, mchungaji naye amesikia, akavaa kofia yake akaondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kirumba waliopika na kulala nasi kwenye turubai, na walimu wenzake, hasa mwalimu mkuu aliyekubali kutuletea darasa la tano, waliocheza naye siku ile ya mvua.

Sasa wanangu wa darasa la tano, hamna kosa lolote, mvua ikinyesha mtoto hukimbia, ila mimi sitaki kaka yangu azikwe akiwa Furu, kwa hiyo njooni hapa mbele, mlizunguke jeneza, mmwite kama alivyowafundisha, majina yote matatu, sisi wakubwa tutanyamaza. Mlango wa stoo nimeuacha wazi tangu asubuhi.

Kaka, watoto wako wamerudi, itika, kisha upumzike kwa amani.