Wakili Mmoja wa Watu Wawili

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu la Queensbury, hapa London, nje ya saluni ya Léocadie, hujui watu wanavyoweza kubishana bila kuchoka. Benchi ni la kaunsili, lakini nafasi zina wenyewe. Zein wa Mombasa hukaa katikati kwa sababu chupa ya kahawa ni yake, ndiyo maana tunamwita Chupa. Kushoto kwake ni Njenga, nesi, ambaye sisi tulishampandisha cheo zamani tukamwita Daktari. Kulia ni Anselme wa Bukavu, yaani Tribunali, kwa kuwa hawezi kumaliza kikombe bila kukusimulia alivyoshinda mahakamani kesi ya makaratasi yake ya ukaazi. Mimi huitwa Mwenyekiti, na kazi yangu ni kuwanyamazisha, kazi isiyo na mshahara wala shukrani. Jumamosi hiyo nilifika nikakuta ubishi umeshapamba moto, na sipendi ubishi uanze bila mimi.

— Kaa, Mwenyekiti, akasema Njenga, hata salamu hakungoja. Chupa ananiuzia flati yake.

— Flati ipi?

— Kwani ako na ngapi? Hiyo ya third floor hapo juu. Bei tumeshaelewana. Hakuna dalali, hakuna nini. Mtu na rafiki yake tu.

Nilifurahi hadi nikasahau kukasirika. Njenga na mkewe Shiku wanaishi na mtoto katika chumba kimoja kule Harrow, na wa pili yuko njiani. Zein naye magoti yamekataa ngazi, anahamia kwa binti yake Stanmore. Na hawa si marafiki wa juzi. Mke wa Zein alipougua, Njenga ndiye aliyekuwa akitoka zamu yake, anapanda ngazi zile amechoka hivyo hivyo, anamgeuza mgonjwa kitandani, mpaka yule mama alipotutoka. Nyumba ile ikienda kwa mwingine, mimi nisingelala.

— Imebaki kitu kimoja, Njenga akaendelea. Benki wanataka jina la wakili, na wanalitaka leo. Bila jina mkopo hausongi, na mwenye chumba Harrow ashatupea notisi.

— Basi wapeni jina.

— Ndilo tunalolitafuta, akasema Zein huku akimimina kahawa. Wakili mmoja, atuandikie sote wawili, yaishe. Mimi nikija na wangu na yeye akaja na wake, watu si watasema tuna kesi?

— Ni ukweli, bana, akasema Njenga. Mzee wangu akinunua shamba Limuru, loya alikuwa mmoja. Wakakaa meza moja na muuzaji, wakakunywa chai, wakaweka sahihi, kwisha.

Wazo likatupendeza wote, mimi wa kwanza. Ikabaki kumpata huyo mtu.

— Miye niko na avocat, wakili ya kweli, akasema Anselme, na kikombe akakiweka chini, dalili kwamba tunaelekea tribunali. Ule mwanaume akisimama, hata jaji ananyamaza.

— Anselme, yule ni wa uhamiaji, nikasema.

— Bon. Na Njenga hahami?

— Mimi sina kesi na mtu, akasema Njenga. Mimi nanunua nyumba. Huyo wako atamfokea nani?

— Atafokea benki. Atafokea kaunsili. Ikibaki muda, atafokea hata ngazi, zipunguke.

— Hebu tuache makelele, akasema Zein. Mimi wakili nampima kwa kahawa. Namwita nyumbani. Akivua viatu mlangoni, alama moja. Akikubali kahawa, alama ya pili. Akiomba kikombe kingine, huyo nampa hati zote na macho nafumba. Anayekataa kahawa ana jambo analificha.

— Wakili wa London aje kwako kunywa kahawa? nikauliza.

— Kahawa hii? Kahawa yangu, na lile jiko langu la gesi? Atakuja mbio. Haipikiki kwengine kahawa hii, nakwambia.

— Hilo jiko ni noma, akaunga mkono Njenga, macho yanamng'aa. Shiku haongei kitu kingine siku hizi.

Mimi nikaona wanapotea njia. Nikawaambia wakili hupimwa kwa meza yake. Meza ikijaa mafaili, ana wateja wengi na wewe utasahaulika. Meza ikiwa safi, hana mteja hata mmoja, na lazima kuna sababu. Mtu aende ofisi zote, Harrow mpaka Stanmore, achungulie madirishani, atafute meza iliyojaa nusu.

— Na wakiita polisi? akauliza Njenga.

— Useme unatafuta wakili. Utakuwa unamhitaji.

Wakacheka, lakini hoja yangu hawakuichukua, wasio na adabu hawa.

— Sasa nyinyi sikilizeni miye, akasema Anselme. Mutafute mtu ya mbali. Mtu ya Wales, kwenye mlima, hajue Kikenya, hajue Mombasa. Hana ndugu hapa, hana kanisa hapa. Ule hawezi kupendelea mtu.

— Au mapacha, akasema Zein, amesimama kabisa sasa, magoti ameyasahau. Wallahi, mapacha. Mmoja amwandikie Njenga, mmoja aniandikie mimi, jioni wakutane kwa mama yao, wale, waelewane. Ni wawili lakini ni mmoja.

— Chupa, wewe ni mwerevu, Njenga akapiga benchi kwa furaha. Mapacha ndio hao sasa.

Akatoa simu yake na, naapa, akaanza kutafuta mawakili mapacha walio karibu na Queensbury.

Wakati wote huo alikuwa ameketi nasi mwanamke mmoja, ukingoni mwa benchi, na mkoba wake mapajani. Tulimdhania anangoja basi.

— Samahanini, akasema. Naitwa Maureen, nangoja saluni ifunguliwe tu. Lakini nimewasikia. Siku nyinyi wawili mkikosana, huyo wakili atakuwa wa nani?

Zein akakaa. Njenga akainua kichwa kutoka kwenye simu.

— Hatuwezi kukosana, akasema Zein.

— Kabisa, akasema Njenga.

— Sawa, akasema Maureen, akafungua mkoba wake kutafuta peremende.

Halafu Njenga, kwa sauti ya chini:

— Lakini Zein, si hilo jiko unatuachia?

— Jiko gani?

— Hilo la gesi. Shiku ashaambia mamake vile atakuwa anapika chapati za Sunday.

— Njenga, mwanangu. Kahawa uliyoishika imepikwa wapi?

— Najua. Lakini nyumba bila jiko nainunua ya nini?

— Na mimi nikapikie wapi? Kwenye la umeme la binti yangu? Jiko lile alilichagua marehemu.

— Najua alilichagua. Si ni mimi nilikuwa nampashia uji hapo?

Zein akageuza uso. Mimi nikaogopa, nawaambieni kweli. Niliona flati inakwenda, urafiki unakwenda, na benchi linabaki na mimi na Anselme na tribunali yake.

Zein akainamisha chupa. Kilitoka kikombe kimoja tu, mashapo tupu yakafuata. Akakigawa nusu kwa nusu, akampa Njenga nusu yake.

— Tafuta wakili wako, mwanangu, akasema. Nami nitafute wangu. Hilo jiko wagombanie wao. Sisi tunywe kahawa.

Njenga akanywa. Kisha akasogea hadi mwisho wa kushoto wa benchi, Zein akasogea wa kulia, wakapeana migongo, kila mmoja na simu sikioni. Chupa ikabaki katikati. Kabla ya saa sita benki walikuwa na jina lao, na Njenga akawa anatabasamu peke yake. Ndipo akafunika simu kwa kiganja na kugeuka.

— Chupa, na pazia za sitting room je?

Zein hakugeuka.

— Muulize wakili wangu, akasema, na benchi zima likacheka, hata Maureen.