Dada Mavi wa Bhaluka

Wasikilizaji wapendwa, sauti yangu leo imechoka, mtanivumilia. Jumanne tulimzika Daktari Mahfuza Talukdar, daktari wa mifugo hapa Bhaluka. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi moja: kupima vijidudu vya mabanda ya kuku, kujua ni dawa zipi bado zinaviua na zipi zimeshindwa. Alikusanya kinyesi banda kwa banda, wafugaji wakamwita Dada Mavi. Alicheka nao, akanywa chai yao, kisha akauliza wametia dawa gani kwenye maji ya kuku. Wengi walitia hata kuku wakiwa wazima.

Siku moja akapima banda la kaka yake, Shamsul. Vijidudu vya pale vilishinda dawa sita. Narudia: dawa sita, hata zile ambazo hospitali huziweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Shamsul alimsihi asiliandike banda lake kwenye ripoti, wanunuzi wangemkimbia. Mama yao naye alimsihi.

"Hakupandisha sauti," Shamsul aliniambia juzi msibani. "Alisema, 'Kaka, nikiliacha lako, la nani nitaliandika?' Nikamwambia asikanyage kwangu tena."

Hakukanyaga kwa miaka sita. Mama alipofariki, msibani walikaa vyumba tofauti, nyumba ile ile ya mama.

Kisha Shamsul akachanwa mkono na bati la banda. Kidonda kikaoza, sindano hazikusaidia. Mahfuza aliposikia, alipanda basi mpaka hospitali ya Dhaka alikolazwa kaka yake, na karatasi za vipimo vya banda lile, akamwonyesha daktari dawa moja iliyokuwa bado inafanya kazi. Shamsul alipona. Vidole viwili havikupona, vikakatwa.

"Aliniuliza kama nimekula," anasema Shamsul.

Shamsul aliacha kutia dawa ovyo. Akapunguza kuku, akasafisha banda, na msimu wa kwanza akapata hasara. Majirani waliomfuata ni watatu. Narudia, watatu tu, kati ya wafugaji mia mbili.

Kwa Shamsul, kwa binti wa marehemu, Ruhina, na kwa ukoo wote wa Talukdar, poleni sana. Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki, tufikiri kabla ya kufungua pakiti nyingine ya dawa. Jana Shamsul alianza kupita mabandani mwenyewe. Wasiotaka kumsikia, anawaonyesha mkono.