Mwalimu Leonidas Rwekaza na Picha ya Shamba la Shemeji

Baba Padri, Mwenyekiti wa Kijiji, walimu, majirani, ndugu zetu mliotoka Ngara tangu alfajiri, na ninyi mliokaa kule kwenye migomba mnaoongea yenu mkidhani huku hatusikii, familia inaomba dakika chache iwaeleze mtu tunayemzika leo, tarehe 24 Juni 2025, alikuwa nani, alitoka wapi na alifanya nini, maana mengine mmeyasikia gulioni yameshatiwa chumvi, bora myasikie hapa yakiwa na chumvi ya nyumbani.

Mwalimu Leonidas Rwekaza alizaliwa tarehe 11 Novemba 1963 huko Keza, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa marehemu mzee Rwekaza na marehemu mama Nyirabahizi, na ingawa baba yake alidai hadi kufa kwake kwamba ilikuwa mwaka 1962, baba siku hiyo alikuwa kwenye pombe ng'ambo ya kilima, kwa hiyo familia imechukua mwaka wa mama.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Keza kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, na dada yake mkubwa Secilia anashuhudia kwamba akiwa darasa la tatu alichora ramani ya Tanzania kwa mkaa kwenye ukuta wa shangazi yao, ukuta uliopakwa chokaa siku mbili tu kabla ya Krismasi, akachapwa fimbo, na huku akichapwa alikuwa bado ananyoosha kidole kuonyesha Ziwa Viktoria lilipo. Mwaka 1979 hadi 1982 alisoma sekondari Bukoba, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka 1983, akamaliza mwaka 1984 akiwa na cheti, filimbi ya michezo na suruali mbili.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1985, akafundisha Ngara miaka mitano na nusu, na Januari 1991 akahamishiwa huku Biharamulo, kata ya Nyarubungo, ambako alishuka na godoro lake hamjui hata mtu mmoja, na aliyempokea, akampa chumba, akampa na jembe, ni Bwana Gervas, yule pale mwenye koti la kahawia, ambaye kwa habari tutakazosoma itabidi mmtazame mara nyingi, lakini mtazameni kwa adabu.

Nyumbani kwa Bwana Gervas kulikuwa na mdogo wake wa kike, Clotilda, aliyekuwa akimpelekea mgeni chakula, na watu wa wakati ule wanakumbuka kwamba chakula kilikuwa kinafika mapema sana lakini vyombo vilikuwa vinachelewa mno kurudi, mpaka Bwana Gervas mwenyewe akaenda kwa baba yake akasema, "Baba, huyu mwalimu mbuzi hana, ila akili anazo, na Clotilda ameshazihesabu zote." Wakafunga ndoa takatifu parokiani tarehe 18 Septemba 1993, wakajaliwa watoto watatu, Irine aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1994, Wiston mwaka 1997 na Josiane mwaka 2001, na wale ambao sasa hivi wanahesabu miezi kwa vidole waache, Irine alizaliwa kabla ya wakati, akiwa na kilo tatu na nusu.

Mwalimu na shemeji yake Gervas walijenga nyumba zinazotazamana, njia ya katikati ikawa nyeupe kwa nyayo zao, jioni rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa huku au kule, na mtu akitaka kumjua mmoja anasema nini alikwenda kumsikiliza mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka ishirini na mitano.

Machi 2017 Mwalimu alipelekwa semina ya siku tano Biharamulo mjini, akafundishwa kompyuta na ile mashine ya kuonyesha picha ukutani, projekta, akarudi mtu mwingine kabisa, hata chai haonji. Walimu wengine waliotoka semina hiyo waliziweka mashine kabatini wakafunga na kufuli zisije zikaharibika, lakini yeye aliomba ya kata akae nayo, akavua shuka la ndoa kitandani bila kumuuliza mwenzake, akalitundika darasani, akaanza kutengeneza hizo slaidi, usiku na mchana, za mito, za mbegu, za moyo wa binadamu, akatia na sauti za ndege, na watoto wa darasa la tano, ambao walikuwa mia moja na kumi na wawili katika chumba kimoja, kwa mara ya kwanza yule wa mwisho kabisa dirishani aliona sawasawa na yule wa mbele. Hilo lilikuwa zuri, na familia inataka lisisahaulike kwa ajili ya lile linalofuata.

Mwalimu aliona kwamba picha za vitabuni ni za nchi za watu, mtoto akionyeshwa mmomonyoko wa udongo anadhani ni ugonjwa wa mbali, kwa hiyo akawa anazunguka na simu yake kupiga picha za hapa hapa kwetu, na siku moja baada ya mvua za Machi 2018 akapita juu ya shamba la shemeji yake, akaona korongo limekata mahindi katikati, akafurahi kama mtu aliyeokota mbuzi, akapiga. Mwalimu alikuwa anatazama korongo, hakuona mtu. Lakini mtu alikuwepo, Bwana Gervas, ameinama anang'oa mihogo, ameipa simu mgongo, na suruali yake siku hiyo ilikuwa imeachia mshono wa nyuma kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi tarehe 14 Julai 2018 kulikuwa na mkutano wa wazazi, na Mwalimu, mbele ya Afisa Elimu Kata na watu wasiopungua mia mbili, aliwasha mashine yake aonyeshe maendeleo, slaidi ya kwanza makofi, ya pili makofi, ya tatu ikatokea imejaa shuka zima, MADHARA YA MMOMONYOKO, na mshale mwekundu. Clotilda akasema, "Yesu wangu, kaka!" Bwana Gervas akasimama taratibu, akauliza, "Shemeji, huo mshale unamwonyesha nani?" Mwalimu akajibu, "Unaonyesha korongo, shemeji, wewe umeingia tu kwenye picha." Hapo mama Marsiana, ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, akiwa kule nyuma akanyoosha kidole, "Samahani Mwalimu, korongo lipi? Mbona mimi naona mawili?"

Watu walicheka hadi mkutano ukaahirishwa. Mnaelewa uzito wake, kaka wa mke hachezewi, mbele yake unavua kofia na kushusha sauti, sasa huyu ameonyeshwa mgongo wake kwa kata nzima kwenye shuka la dada yake mwenyewe.

Bwana Gervas alishitaki kwenye ofisi ya kijiji, Mwenyekiti akaamua picha ifutwe, Mwalimu akaifuta pale pale wote wanaona, kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akasema, "Ila Mwenyekiti, niliwatumia walimu wenzangu kwenye grupu." Mwenyekiti akauliza wangapi, akajibu mia moja na arobaini, wa Biharamulo na Ngara, Mwenyekiti akasema, "Basi wapigie," akaanza kupiga, akafika mwalimu wa kumi na tisa salio likaisha. Kufikia Septemba picha ilikuwa inatumika kufundishia hadi Keza, na Bwana Gervas alipopeleka maharage gulio la Bisibo aliuza kwa amani asubuhi yote, hakuna aliyemjua, mpaka alipoinama kunyanyua debe, ndipo watoto wakapiga kelele, "Ndiye! Ndiye babu wa mmomonyoko!"

Kuanzia siku ile Bwana Gervas hakumsalimia tena shemeji yake, alipanda katani kwenye ile njia ya katikati, na kanisani akahamia benchi la mwisho ili asiwepo mtu nyuma yake. Mwalimu aliumia sana, alikonda, akawa anakunywa rubisi peke yake akitazama ile katani, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, kila kitu kwake kilikuwa na maelezo, akawa anawaambia watu kwamba picha ile ilikuwa kwa ajili ya elimu, na ni kweli, darasa la tano mwaka ule walifaulu wote, na kijiji kizima kilisafisha vyoo na kuziba makorongo kwa kuogopa kupigwa picha, hata Bwana Gervas mwenyewe kwa hasira alichimba makinga maji, akapanda majani ya tembo, korongo likaziba. Yote kweli. Ila kaka wa mke alikuwa anasubiri neno moja, na neno hilo halikuwa elimu.

Krismasi ya mwaka 2018 dada yake Secilia alikuja kutoka Keza, akamkalisha chini akamwambia, "Wewe mtoto, beba kibuyu cha rubisi, nenda, chuchumaa, sema nisamehe, rudi ule." Tarehe 26 Desemba Mwalimu akabeba kibuyu kweli, lakini chini ya kwapa akabeba na projekta, na yaliyotokea yanajulikana kwa sababu Secilia alikuwa anachambua maharage karibu na dirisha la Bwana Gervas, wala si kwa kusikiliza. Mwalimu alitengeneza slaidi kumi na nne za kuomba radhi, ya kwanza Malengo ya Mazungumzo, ya pili Maana ya Msamaha, na ya tatu, ili mada ieleweke vizuri, Chanzo cha Tatizo, akaiweka ile picha tena, ukutani, sebuleni, mbele ya mke wa Bwana Gervas na wakwe waliokuja kula sikukuu. Bwana Gervas alisimama, akachukua kibuyu cha rubisi, akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Baadaye Mwalimu alimlalamikia dada yake, "Hakunipa nafasi, dada, neno nisamehe lilikuwa slaidi ya kumi na mbili."

Miaka ikapita. Irine aliolewa tarehe 7 Agosti 2021, mjomba alifika, akambariki kwa mikono miwili, akala upande wa wanawake ili asikae na baba wa bibi harusi, na Mwalimu alipostaafu Novemba 2023, walimu wakamfanyia sherehe hapa nyumbani, alikatazama kale kanjia muda wote hata keki hakuiona. Familia inasema wazi, kilichomsumbua marehemu katika maisha yake hakikuwa presha wala uzee, ni nyumba ile ya mbele iliyofungwa.

Jumapili tarehe 6 Aprili 2025 Mwalimu alipata kiharusi akiwa anafundisha kompyuta vijana wa jumuiya, akalazwa hospitali ya wilaya wiki tatu, akarudishwa nyumbani, upande wote wa kulia umekufa, mdomo umeenda upande, mkono hauwezi hata kuwasha simu, na maneno yakawa yanatoka moja moja kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu.

Tarehe 18 Mei 2025, baada ya misa, Bwana Gervas alikanyaga katani yake mwenyewe akavuka, akamkuta shemeji yake amewekwa barazani kwenye kiti, akasimama mbali, akasema, "Leo hujabeba mashine?" Mwalimu akatikisa kichwa. Akakaa muda mrefu anahangaika na ule mdomo, mate yanamtoka, Clotilda akitaka kumsaidia Bwana Gervas akamzuia, "Mwache, aseme mwenyewe," na Mwalimu akasema, "Gerva. Nisamehe." Yalikuwa maneno mawili, bila malengo, bila utangulizi. Bwana Gervas aligeukia migomba akapenga kamasi, akasema, "Miaka saba kasoro nasubiri hilo, mtu ananiletea slaidi," kisha akavuta kigoda akaketi, akaanza pale pale kumlaumu kwamba nyanya zake amezipanda karibu mno.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi, alimwosha, alimgeuza, alimnyoa ndevu vibaya sana, na alimletea habari zote za kijiji, nani amegombana na nani, nani ameoa tena, maana marehemu, japo wengi hamkujua, alipenda umbeya kama sisi wengine. Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, saa nne asubuhi, Mwalimu Leonidas alifariki dunia kwenye kiti chake barazani, akiwa na umri wa miaka 61, miezi 7 na siku 10, Bwana Gervas akiwa katikati ya habari za gulio la Bisibo, na aliendelea kumsimulia kwa kitambo, hadi alipofika mahali pa kucheka, akaona amecheka peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Baba Padri aliyempa sakramenti, jumuiya, majirani mliolala nasi hapa siku tatu na kumaliza kuni zetu zote, mama Marsiana aliyepika na kusema kwa wakati mmoja, na walimu wenzake, ambao walileta projekta jana waonyeshe picha za maisha yake, wakakuta Bwana Gervas amekaa juu ya waya wa umeme, akawaambia huyu atasomwa kwa mdomo. Bwana Gervas ameomba pia isomwe hapa kwamba alisamehe kwa hiari yake, hakubembelezwa na mtu yeyote, na kwamba angevuka ile njia mapema zaidi, mwaka wa kwanza tu, kama si ubishi, na ubishi huo, amesema, ulikuwa wa watu wawili.

Basi tumesoma, Mwalimu, kwa mdomo mtupu, na hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho. Shemeji yako ndiye atakayetupa udongo wa kwanza, ameshika koleo tangu asubuhi hataki kumpa mtu. Pumzika kwa amani.