Urithi wa Baba na Shangazi

Umesikia? Kikombe cha baba hicho, kinagonga ukingo wa kitanda, saa nane za usiku anataka maji na mkono hautaki. Mwache kwanza, atakuita. Sikiliza mdogo wangu, pumzi zangu ni za kuhesabu.

Unajua baba na shangazi walivyonuniana miaka tisa. Mikono ilipoanza kumtetemeka baba, yeye fundi aliyekata suti bila chaki, akasema dada yake kamroga, shangazi akamjibu palepale mlangoni, "Ningejua kuroga ningeanza na ulimi wako!" Tukacheka, tukafunga mlango, na alipokufa kwa uvimbe wa titi hakuna aliyetoka humu kwenda kumzika. Basi nilipopeleka uvimbe wangu hospitali, nesi akaniuliza, kwenu yupo aliyeugua saratani? Nikajibu hayupo. Sikudanganya, wallahi, ndivyo tulivyozoea, shangazi si wa kwetu tena. Wakasema bado kijana, unanyonyesha, hayo ni maziwa, rudi baada ya miezi sita. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulimficha mgonjwa mzima.

Damu yangu na ya baba ilipopimwa, tulikutwa na hitilafu ileile ya kurithi: kwake inaua ubongo kidogo kidogo, kwangu imeifungulia saratani njia, na daktari anaamini hata kwa shangazi ni hiyohiyo. Si kila aliyerithi huugua, alisisitiza, ila apimwe mapema. Kumbe walirogwa na babu yao mmoja!

Cherehani ni yako. Pedali ikikwama usiipige teke, itie mafuta. Wanangu ni wako. Kapimwe, usiogope kama mimi. Kisha nenda kwa mabinti wa shangazi, wakikufungia mlango sema nao dirishani. Wanangu waambie wakipata akili, na daktari akiwauliza habari za ukoo, wamtaje shangazi kwanza.

Ngoja... nishike mgongo. Mungu akupe mikono iliyotulia, mdogo wangu, akukuzie hawa wawili, uwaone... uwaone wazee.

Majibu ya damu nilipewa mimi tu, baba usimwambie. Ataomba radhi kwa nani, dada yake yuko chini? Wala majirani, watawakimbia wanangu. Hao niliokutajia, basi.

Kikombe kimenyamaza. Nenda kamnyweshe... lakini kwanza sema, nikusikie: sitamwambia mwingine.