Begi la Volkano la Mzee Zihindula

Baada ya miaka kumi na saba na miezi miwili katika chumba cha kufulia cha nyumba yetu ya wazee hapa Riverside, Buffalo, Mzee Zihindula Gaudiosi anavua aproni yake Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Mungu asifiwe, anatoka akiwa mzima. Mashine tatu za kukausha zimezeeka na kufa mbele yake, yeye bado anakunja shuka pembe kwa pembe kama karatasi.

Huko Goma alikuwa fundi cherehani. Januari 2002 mlima ulipasuka na moto ukashuka hadi mjini, ukachukua nyumba, cherehani, na mlango aliokuwa amemaliza kuupaka rangi wiki ile ile. Alitoka na mke wake Yudita, binti yao mdogo Uwineza, na sufuria moja isiyo na mfuniko. Walikaa kambini Uganda miaka minne. Kisha Louisville, akapanga maboksi ghalani, kisha Columbus, karibu na Morse Road, alikokuwa na ndugu, mwisho Buffalo. Alituambia mji huu aliupenda kwa sababu moja tu: hauna mlima.

Lakini begi lake halikuamini. Mimi nilipoanza kazi mwaka 2011, kitu cha kwanza nilichokiona ni begi jeusi la dharura kwenye msumari karibu na mlango. Kila Jumatatu alilishusha, akalikagua, akalirudisha. Dada yetu Wanza, Mkenya wa kwanza kucheka katika chumba chochote, hakuacha kumtania.

"Mzee, hii ni Buffalo, bana! Volkano itatoka wapi, kwa dryer?"

Naye, bila kuinua macho: "Mlima haupigi hodi, mwanangu."

Na mimi nilicheka. Tena niungame hapa hapa: siku moja njaa ilinishika nikachukua pakiti ya biskuti humo begini. Jumatatu iliyofuata nilikuta pakiti mbili, juu yake karatasi imeandikwa jina langu, "Caritas". Hakuwahi kunitajia jambo hilo hata leo.

Bon, ikaja Krismasi ya 2022, ile dhoruba ya theluji mnayoikumbuka wote. Barabara zilifungwa, wenzetu wa shifti ya pili hawakuweza kufika, nasi wanane tukabaki kazini siku mbili. Chakula cha jikoni kilikuwa cha wazee, hatukukigusa. Mzee Zihindula alishusha begi. Maharage ya kopo, biskuti, majani ya chai, sukari, tochi, na soksi nzito jozi sita. Aliomba, akagawa. Wanza alivaa soksi za Mzee mpaka magotini, akala. Mwezi uliofuata tukaona begi la pili kwenye msumari. Jekundu. La Wanza.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi hawakulijua. Mifupa ya Mama Yudita haipatani na baridi, na kila Novemba magoti yake yalikuwa yanakataa ngazi. Uwineza, ambaye sasa ni muuguzi, anaishi Hawaii, kwenye kisiwa kile kikubwa, upande wa jua. Aliwaita wazazi wake miaka miwili mfululizo. Mzee alikataa, maana kisiwa chenyewe ni volkano iliyotoka baharini, na bado inapumua. "Mungu alinitoa motoni mara moja," aliniambia. "Nirudi nimjaribu?" Mwaka jana Mama Yudita alitangulia Hawaii peke yake. Mzee akabaki na sufuria zake na ukimya. Mimi na Mama Yudita tuliomba kwa simu kila Jumatano, kwa sababu watu wawili waliovuka moto pamoja hawafai kuzeeka kila mmoja mbali na mwenzake.

Februari mwaka huu alikubali kwenda kuangalia, wiki sita tu. Sisi huku tunasukuma theluji, yeye anatutumia sauti kwenye simu, tunazisikiliza wakati wa chai. Jua saa moja asubuhi limeshakaa mgongoni. Mchanga ni mweusi, unaunguza nyayo kama kikaango. Maji ya kunywa wanakinga mvua kwenye tangi, kwa hiyo mawingu yakija watu wanafurahi. Siku nyingine moshi wa mlima unatanda, wewe unakohoa kidogo, unaendelea na kazi zako. Kuna mapapai, kahawa, hata magimbi! Na mawe, alisema, ni yale yale ya Goma. Alimjengea jirani ukuta wa mawe meusi, na jirani akamletea samaki.

Lakini wiki ya kwanza alilala na viatu miguuni. Mama Yudita ndiye aliyetuambia, akicheka: "Mwanaume ananichafulia shuka, yeye aliyefua shuka za watu miaka yote!"

Kilichombadilisha ni kitu kidogo. Alipopeleka shukrani za samaki kwa jirani, aliona begi nyuma ya mlango. Akaenda nyumba ya pili: begi. Baada ya ibada ya Jumapili aliuliza kanisa zima, kila mtu analo. Wanapanda, wanaoa, wanabatiza watoto, na begi liko mlangoni, wala hakuna anayemcheka mwenzake. Ujumbe wake wa mwisho kabla ya kurudi ulikuwa mfupi sana: "Caritas, leo nimevua viatu."

Amerudi kwetu kumaliza kazi kwa heshima, kama alivyoianza. Jumatatu anapanda ndege kwenda kwa mke wake. Begi jeusi ametuachia kwenye msumari wake, kwa sababu Mama Yudita ameshamfungia jingine kule.

Mzee wetu, asante kwa soksi, kwa maharage, na kwa biskuti zangu. Mungu akupe jua la kutosha na mvua ya kujaza tangi. Jumatatu tutalikagua begi, Wanza ameapa. Wewe lala pekupeku.

Caritas, chumba cha kufulia